Anayenitisha kwenye Halloween si Michael Myers

Mwambie Mkenya yeyote aliyesomea shule ya umma neno "slasha" na hatafikiria sinema. Atafikiria nyasi. Atajiona ameinama uwanjani saa kumi jioni, malengelenge mkononi, prifekti amesimama kivulini akimhesabia hatua. Kwa hivyo tuelewane mapema. Slasha ninazoongelea leo ni zile filamu za msee aliyevaa kinyago, anayefuata vijana mmoja mmoja na kisu. Na kama kuna filamu moja iliyofanya hizi zingine zote zifurike, ni Halloween ya 1978, ya John Carpenter.

Najua, 1978. Kuna wasomaji wangu ambao hata mama zao walikuwa hawajazaliwa. Nivumilieni. Nimeitazama mara nne sasa, ya mwisho ikiwa wiki iliyopita, na kila mara kuna sekunde chache ndani yake ambazo huniuma kuliko mauaji yote. Hazina damu na hazina kisu. Nitazifikia. Kwanza niwaeleze ni kitu gani hiki.

Hadithi yenyewe ni fupi, unaweza kuimaliza ukingoja matatu ijae. Usiku wa Halloween mwaka wa 1963, katika mji mdogo wa kubuni unaoitwa Haddonfield, jimbo la Illinois, mtoto wa miaka sita anamuua dadake kwa kisu cha jikoni. Anafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa miaka 15. Mwaka wa 1978 anatoroka, anarudi mtaani kwao, anaanza kumfuata msichana wa shule ya upili anayeitwa Laurie Strode. Jioni hiyo Laurie ameachiwa mtoto wa jirani amwangalie. Basi. Hakuna laana, hakuna kisasi. Ile story ati Laurie ni dadake Michael haikuwa humu, ililetwa na sehemu ya pili mwaka wa 1981.

Carpenter alikuwa na miaka 30. Aliiandika pamoja na Debra Hill, ambaye pia ndiye aliyekuwa prodyusa. Walikuwa na takriban dola 300,000, pesa kidogo sana kwa filamu ya Marekani hata wakati huo, na walirekodi kwa siku 20 hivi. Hadithi iko Illinois, miezi ya majani kuanguka, lakini wao walikuwa California na miti ilikuwa ya kijani. Wakapaka majani rangi ya kahawia, wakayamwaga barabarani, wakarekodi, wakayazoa tena kwenda kuyatumia sini inayofuata. Ukiangalia vizuri kuna mahali unaona mpaka minazi-minazi ile ya California imesimama nyuma, haina habari.

Kile kinyago kinachotambulika dunia nzima? Kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kilinunuliwa chini ya dola mbili, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Nick Castle, aliyekivaa kwa sehemu kubwa ya filamu, alikuwa rafiki wa Carpenter tangu chuoni na alilipwa dola 25 kwa siku. Muziki Carpenter aliupiga mwenyewe. Na wale wa Pwani hii itawashangaza: pesa zilitoka kwa Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria, yule yule aliyeongoza The Message, filamu ya mwanzo wa Uislamu iliyotoka 1976. Kwa hivyo mtu aliyemlipia Michael Myers kisu huenda kazi yake nyingine umeitazama sebuleni na nyanya yako ukiwa mdogo. Dunia ni ndogo manze.

Filamu ikaingiza makumi ya mamilioni ya dola. Na hapa ndipo watengeneza maudhui wengi husimama na kukupa somo: "Ona, alianza na kidogo, na wewe anza na simu yako." Sawa, ni kweli. Lakini somo hilo nimelisikia mpaka limeota kutu, na sidhani ndilo kubwa.

Kubwa ni hili. Halloween karibu haina damu. Ukiitazama leo, baada ya kuzoea filamu za watu kukatwa vipande, unaweza kudhani imepunguzwa makali. Hofu yake iko kwa kutazama. Michael anasimama ng'ambo ya barabara mchana kweupe. Anasimama kando ya ua. Anasimama katikati ya nguo zilizoanikwa. Ukipepesa macho, hayuko. Hakimbii hata mara moja. Baada ya nusu saa unajikuta hutazami tena watu wanaoongea, unatazama kona tupu nyuma yao. Filamu imekufundisha kuwa macho.

Na Laurie ndiye mtu wa kwanza mle ndani kuwa macho. Anamwona kupitia dirisha la darasa. Anamwona njiani. Ana marafiki wawili, Annie na Lynda. Anamwambia Annie, naye anamcheka. Mwishowe anajicheka mwenyewe pia.

Sasa njoo kwa walioiga. Mwaka wa 1980 ikatoka Friday the 13th, na mwandishi wake, Victor Miller, hajawahi kuficha kwamba walitaka kufuata njia ya Halloween. Baada ya hapo mlango ukafunguka. Kinyago, kisu, vijana, sikukuu fulani, msichana mmoja anayebaki hai. Mwaka wa 1984 Wes Craven akaleta A Nightmare on Elm Street. Mtafiti mmoja wa Marekani, Carol Clover, akampa yule msichana anayebaki jina ambalo limekwama mpaka leo: msichana wa mwisho.

Na katika huo wingi kukazaliwa kitu watu wanakiita sheria. Unazijua. Anayelala na mtu atakufa. Anayelewa atakufa. Anayevuta bangi atakufa. Bikira ataishi. Mwaka wa 1996, Scream ikazitoa hizo sheria hadharani. Kuna kijana anayesimama mbele ya televisheni kwenye sherehe, Halloween yenyewe ikicheza nyuma yake, na kuwasomea wenzake masharti kama mwalimu wa zamu. Tangu hapo kila mtu anajua "sheria za slasha", hata ambaye hajatazama hata moja.

Shida ni kwamba Halloween haisemi hivyo. Rudi uitazame. Laurie, huyo tunayeambiwa ni malaika, anavuta bangi kwenye gari la Annie na kukohoa kama mtu wa mara ya kwanza. Ana kijana anayemmezea mate, anaona haya tu kusema. Annie anakufa kabla hata hajamfikia mpenzi wake. Kuna mwanamume anauawa nje ya mji kwa sababu moja tu, Michael alihitaji nguo zake za kazi. Huyo alivunja sheria gani? Kwenda kazini? Hata Scream inazicheka hizo sheria. Sidney analala na mpenzi wake, na Sidney anaishi. Na Carpenter mwenyewe amekataa mara nyingi kwamba alikuwa anawaadhibu wasichana. Kwake Laurie anapona kwa sababu alikuwa anaangalia, na wenzake akili zao zilikuwa kwingine.

Sitaki kuisafisha filamu kupita kiasi. Dadake Michael anauawa akiwa karibu uchi, na dakika zile za mwanzo kamera inageuka kuwa macho ya muuaji, inatupandisha ngazi pamoja naye. Lynda naye kamera inamkawiza. Ukiwa mwigaji mvivu, ni rahisi kuchukua hayo pekee ukaacha mengine. Waliiga kisu, wakasahau macho.

Lakini kuna jambo kwenye Friday the 13th ambalo watu wengi wamelipita. Naharibu mwisho wa filamu ya 1980, samahani, mmekuwa na muda wa kutosha. Muuaji ni mama. Mwanawe alizama ziwani, na anasema vijana waliofaa kumwangalia walikuwa wamejifungia wakifanya mapenzi. Ndiyo maana anawaua vijana. Kwa hivyo ndani ya filamu, mtu anayesema vijana hawa walistahili kufa kwa sababu ya raha zao ni muuaji mwenyewe! Ile sheria si ya mwandishi wala ya Mungu. Ni maneno ya mtu aliyeshika panga.

Shikilia hilo, kwa sababu hapa ndipo inanigusa.

Januari 2024 hapa Kenya, baada ya wanawake kuuawa mmoja baada ya mwingine, wengine katika nyumba za kukodi za siku moja, maelfu walijitokeza barabarani tarehe 27, Nairobi na miji mingine, wakisema imetosha. Wengi wenu mlikuwako. Lakini mnakumbuka kilichokuwa kwenye komenti wiki hizo? Mimi nakumbuka. "Alikuwa anafanya nini huko?" "Nani alimtuma?" "Wasichana wa siku hizi wanapenda pesa." Watu walikuwa wanapitia picha za marehemu kutafuta ile sini ambapo alivunja sheria. Nguo fupi, hii hapa. Glasi ya mvinyo, hii hapa. Haya, tumepata, sasa tunaweza kulala.

Sisemi filamu za Marekani ndizo zilizotufundisha. Maswali hayo yalikuwako kabla ya televisheni kufika, muulize shosho yeyote. Ninachosema ni kwamba tunazitazama slasha na kuzipenda kwa sababu zinatupa kitu tunachokitaka sana: orodha. Ukiwa na orodha ya makosa, kifo kinakuwa hesabu. Yeye alifanya A, mimi sifanyi A, kwa hivyo mimi niko salama. Na ukiandika "alijitakia" chini ya picha ya msichana aliyekufa, haujatoa ushauri. Umesoma mistari ya muuaji.

Sasa zile sekunde.

Karibu na mwisho, Laurie amevuka barabara kwenda nyumba ya pili, amekuta marafiki zake wamekufa, amekatwa mkono, ameanguka kutoka juu ya ngazi. Anatoroka nje akichechemea. Anakimbia hadi mlango wa jirani, anagonga, anapiga mayowe, anaomba msaada. Taa ya nje inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Kisha dirisha linafunikwa, na taa inazimwa.

Ni hivyo tu. Filamu haimwonyeshi jirani. Hatujui jina lake. Usiku wa Halloween watoto wa Marekani hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na vinyago, wakiomba peremende na kutishana, kwa hivyo huenda alidhani ni mzaha. Ana kisingizio kizuri. Sisi sote huwa nacho.

Mwaka juzi nilikuwa naishi bedsita, ghorofa ya tatu, vyumba vinane kwenye korido moja. Chumba cha tatu kutoka kwangu kulikuwa na msichana msusi. Tulikuwa watu wa "sasa" na "poa", hakuna zaidi. Alikuwa na jamaa aliyekuja wikendi, na wikendi zingine tulisikia kelele. Ploti nzima ilisikia. Unaongeza sauti ya muziki, maisha yanaendelea.

Usiku mmoja, kama saa saba, nilikuwa nahariri video. Nikasikia mlango umegonga ukuta, kisha miguu mitupu ikikimbia, kisha milango ikigongwa. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ulikuwa wangu. "Tafadhali fungua." Hakupiga kelele, aliongea chini kama mtu asiyetaka kusumbua. Mimi nikakaa. Nikafunika kompyuta. Halafu nikainuka, na huwa najaribu kujiambia nilikuwa naenda kufungua, lakini sikuenda mlangoni. Nilienda kwa swichi. Niliizima polepole ili isilie.

Ile milango ina nafasi chini. Aliona mwanga ukipotea. Najua aliona, kwa sababu alinyamaza kidogo, kisha akaenda mlango uliofuata.

Aliyefungua ni mama wa chapati wa ghorofa ya kwanza, ambaye alipanda ngazi na mwiko mkononi. Mama mmoja, mwenye presha, amevaa leso. Jamaa akashuka na kuondoka kimya kimya. Sisi vijana wa gym tulitoka nje baada ya hapo, tukijifanya tumeamka tu.

Asubuhi yule msichana alikuwa anahama. Godoro, jiko la gesi, mifuko miwili. Tukapatana kwenye ngazi. Akanisalimia, "Sasa." Kama kawaida. Mimi nikasema "poa". Sijui alihamia wapi.

Lakini kitu kinachonitia aibu zaidi kilifuata jioni. Rafiki yangu aliniuliza kulitokea nini, nami nikajibu bila kufikiri: "Si alijua jamaa ni mkali, kwa nini alikuwa anamfungulia?" Nilijisikia nikisema. Nilikuwa natafuta sheria aliyovunja, ili ile swichi isiwe kosa langu.

Ndiyo maana sini ile ya jirani siiwezi. Michael Myers ni mmoja. Haddonfield yote ina madirisha mangapi?

Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye Halloween yule mtoto Tommy analiona zimwi dirishani na kumwambia Laurie, na Laurie anamwambia hakuna zimwi, alale. Zimwi lenyewe ni mtoto wa mtaa ule ule, nyumba yao iko hapo hapo, imefungwa tu. Hata Laurie kuna wakati anazima taa yake: Lynda ananyongwa kwa waya ya simu huku Laurie yuko upande wa pili anasikiliza, na anadhani ni Annie anamchezea. Tofauti yake na wale wengine ni moja. Anashuka, anafungua mlango, anavuka barabara kwenda kuangalia. Usafi hauhusiani na hapo. Aliinuka.

Na unakumbuka kilichomwokoa mwishowe? Sindano ya kufumia na hanga ya kabatini zilimnunulia dakika. Lakini anayefika kumpiga Michael risasi ni daktari Loomis, ambaye amekaa sehemu kubwa ya jioni akivizia nyumba ya kina Myers bila kupata kitu. Anajua nyumba ni gani kwa sababu Laurie amewatuma wale watoto wawili nje, nao wanatoka wakikimbia na kupiga mayowe. Daktari anasikia, anageuka, anakimbia kuelekea kwenye kelele. Hizo mbinu mbili ndizo filamu nzima inatupa: piga kelele, na ukisikia kelele, kimbia kuelekea huko. Hakuna mwigaji aliyeziweka kwenye orodha ya sheria.

Risasi zinaisha, Michael anaanguka kutoka juu, daktari anachungulia, nyasi ni tupu. Carpenter anatuonyesha vyumba, ngazi, nyumba kutoka nje, na tunasikia pumzi yake kila mahali. Watu husema ule mwisho uliwekwa ili kuwe na sehemu ya pili. Labda. Zimefuata nyingi kweli, na Jamie Lee Curtis, ambaye Halloween ilikuwa filamu yake ya kwanza, alirudi kuwa Laurie mpaka 2022. Mimi nausoma vingine. Zile nyumba anazotuonyesha ziko kimya, na hakuna hata mlango mmoja uliofunguka.

Kwa hivyo itazameni. Mkiwa wengi, stima zimezimwa, mkirukiana na kucheka, ndivyo filamu hizi hutazamwa. Ukifika ile sini ya jirani, usiangalie simu. Na siku ambayo haitakuwa filamu, na mtu agonge kwako saa saba usiku akiongea chini asikusumbue, huna haja ya kuwa shujaa. Piga kelele uite ploti nzima. Piga simu. Gonga ukuta wa jirani. Shika mwiko.

Angalau usiguse swichi.